Masikio ya Shemeji
Katika shindano la kuwasiliana na vituo vingi kwa redio, muuguzi mstaafu alishika nafasi ya kwanza katika kundi la wanaoshindana peke yao, bila msaidizi. Hata hivyo, hakuwa na raha wala usingizi. Shemeji yake, aliyepitia kunywa chai, alikuwa amemnong'oneza majina ya vituo vitatu yaliyomezwa na mikwaruzo, naye akayaandika.

Siku ya tatu uzalendo ulimshinda, akawaandikia waamuzi ukweli wote. Wakamjibu: "Tumekuhamishia kundi la wawili. Umekuwa wa tisa. Asante kwa uaminifu."

Alishusha pumzi, akacheka hadi machozi, kisha akampigia simu.

"Shemeji, tumekuwa wa tisa!"

"Tumekuwa? Mimi nilifuata chai tu!"

"Ndiyo ukome kunong'ona," akasema. Mchana huo alilala fofofo.