Sauti ya Kuazima

Mtaani kwao walimwita Mama Sumu, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Miaka mitatu mfululizo alikuwa akimtilia mumewe unga mweupe kwenye chai, kwenye tamthilia, mbele ya nchi nzima, na mume akawa anakufa kwa awamu kwa sababu mdhamini hakutaka afe haraka. Unga wenyewe ulikuwa maziwa, na watu walijua ni maziwa. Muuza duka akimkabidhi mkate alimuuliza, "Mama Sumu, leo zamu ya nani?" naye akamjibu, "Yako wewe, jiandae," wakacheka, kila mtu akashika hamsini zake.

Kwa hiyo asubuhi moja muuza duka alipompa mkate bila utani, akaangalia kulia na kushoto, kisha akanong'ona, "Dada, pole sana. Una moyo wewe," Mama Sumu alidhani amefiwa na hajaambiwa.

"Pole ya nini tena?"

"Jana tulikuona. Yaani, tulikusikia. Uso wamekuficha vizuri, lakini sauti yako sisi itupotee? Mke wangu amelia mpaka amelala bila kula. Ila jiangalie, dada. Yule mwenye kiwanda si mtu wa mchezo."

Hapo Mama Sumu akasahau hata kudai chenji.

Sasa tuelewane mapema, maana kila ninapousimulia mkasa huu kuna mtu anadakia na swali la kijinga. Kulikuwa na kiwanda cha magodoro kilichoungua na watu ndani. Mlango wa nyuma ulikuwa umepigwa kufuli. Kati ya walionusurika, mwanamke mmoja alisema alimwona mwenye kiwanda kwa macho yake akiondoka na ufunguo mfukoni huku watu wanagonga. Alikubali kusimulia hayo kwenye makala ya televisheni kwa sharti kwamba uso usionekane na sauti isijulikane. Wakampiga picha gizani, dirisha likiwa mgongoni kwake. Sauti wakaipitisha kwenye mashine, ikatoka kama ya jini mwenye mafua. Wakawaita watu wachache waitazame kabla haijarushwa, na wale watu wakacheka. Makala ya maiti, na watu wanacheka. Ndipo mtayarishaji, mwanamke mfupi asiyemaliza sentensi, alipompigia simu Mama Sumu.

"Hapa huigizi," alimwambia walipokutana studio.

"Sawa. Nafanya nini, basi?"

"Unasema. Yaani, usiweke ile… sema tu."

Hakusikilizishwa sauti ya shahidi mwenyewe wala hakuambiwa jina lake, kwa usalama. Alipewa karatasi tu, akaingizwa kwenye kile chumba kidogo chenye kuta za sponji. Kila "eee" ya yule mwanamke ilikuwa imeandikwa, kila mahali alipokwama, kila mahali alipoanza sentensi akaiacha. Mama Sumu alishangaa. Kwenye tamthilia ukikwama mnarudia, tena mwongozaji anakununia. Huku kukwama kwenyewe ndiyo mali.

Alipofika penye ufunguo, karatasi iliandika kwenye mabano: anacheka.

"Anacheka nini huyu?"

"Alicheka tu. Watu wakishikwa na hofu huwa…"

Alijaribu kucheka mara kadhaa. Kila akicheka kilitoka kicheko cha Mama Sumu, kile cha kukoroga chai, na fundi sauti upande wa pili wa kioo akawa anatikisa kichwa. Mwisho wakakubaliana alie. Akalia, na alijua kulia yule mama, ana uzoefu. Mhariri akaweka kinanda kwa mbali chini ya kilio. Kufuli lililooneshwa kwenye picha lilinunuliwa duka la vifaa vya ujenzi, likapakwa masizi. Na pale chini ya skrini yakapita maandishi madogo kama chawa, "Maneno ya shahidi yamesomwa na mwigizaji," yakakaa kwa muda wa mtu kupiga chafya, yakaondoka. Mtayarishaji akaona amemaliza wajibu wake.

Basi Mama Sumu alitoka dukani na mkate wake, akampigia mtayarishaji kabla hajafika nyumbani. Alimwambia atoe tangazo siku hiyo hiyo kwamba yeye alisoma tu.

"Tukisema hivyo, wakili wa mwenye kiwanda atadai makala yote ni maigizo," mtayarishaji alisema. "Halafu wataanza kumtafuta yule shahidi mwenyewe. Bado hajaondoka mjini, ana watoto. Nipe siku chache tu nimvushe, halafu tuta…"

"Na mimi sina mtoto?"

Mama Sumu alikata simu kwa hasira, lakini hakusema kitu kwa mtu. Alikuwa hamjui yule mwanamke hata kwa kivuli, ila alikuwa ameyabeba maneno yake mdomoni, na ilimuuma kuyatema.

Zikaanza siku za roho mkononi. Kwenye tamthilia hatari ikija, muziki unakutangulia, hata ukiwa jikoni unajua sasa kuna mtu nyuma ya pazia. Huku hakuna anayekupigia muziki. Gari jeupe limeegeshwa ng'ambo ya barabara: ni la nani? Mtu anafunga kamba ya kiatu mbele ya geti la shule: anafunga kweli? Alimkataza binti yake kucheza nje. Alikagua komeo la mlango, akaenda kulala, akarudi kulikagua. Mama yake mzazi, aliyekuwa anakaa naye, alimuuliza kama tumbo linamsumbua, akamwambia ndiyo, linamsumbua.

Siku moja mchana alirudi kutoka mazoezini akasikia mama yake anacheka sebuleni. Akaingia. Kwenye kochi alikaa mwanamume mwembamba mwenye miwani, glasi ya maji mkononi, viatu amevivua mlangoni kwa adabu. Uso ule alikuwa ameuona kwenye makala.

"Mgeni wako huyu," mama yake alisema. "Tena ana heshima kweli. Amenisalimia mpaka nimekumbuka utoto wangu. Ngoja nikaanue nguo niwaache muongee."

Mama Sumu alitaka kumshika mama yake mkono amzuie. Mkono haukuinuka.

"Kaa, dada," yule mtu alisema, kana kwamba nyumba ni yake. "Sikukujia kwa shari. Naomba nione vidole vyako."

Akavionesha. Hata yeye hakujua kwa nini alivionesha.

"Gundi ya magodoro haitoki. Wafanyakazi wangu wote nawajua kwa kucha. Wewe hujawahi kukanyaga kwangu." Akanywa maji. "Mimi nakuamini. Nataka tu uwaambie na wengine. Ukae mbele ya kamera useme: mimi ni mwigizaji, nilisoma karatasi, kulia niliambiwa nilie. Kuna uongo wowote hapo?"

"Hakuna," alisema, na kweli hakukuwa na uongo.

"Basi. Mimi naomba ukweli tu."

"Na nisiposema?"

Yule mtu aliweka glasi chini taratibu, akatafuta mahali pasipo na kitambaa asije akakilowesha. "Binti yako anapenda kukaa kiti cha mbele kwenye basi la shule," alisema kwa sauti ya mjomba mwenye wasiwasi. "Mwambie akae nyuma. Madereva wa siku hizi siwaamini."

Akakaa. Akamfikiria yule mwanamke wa kwenye karatasi, aliyecheka mahali pa kulia, na watoto wake ambao pengine wakati huo walikuwa wanafungiwa nguo kwenye mifuko. Akamfikiria binti yake, na lile begi lake la zipu mbovu. Wewe unayesoma hapa umejilaza na mto wako usijifanye shujaa. Ungekuwa wewe, ungekubali kabla hajamaliza yale maji.

"Nitasema," alisema. Alijiona mnyonge, na kwa mbali, aibu ni aibu, aliona nafuu.

Kesho yake asubuhi walimpeleka kwenye duka la mwenye kiwanda, katikati ya magodoro yaliyokuwa bado ndani ya nailoni. Hakukuwa na taa, wala poda, wala mtu wa nywele. Kijana wa dukani alisimamisha simu kwenye stendi ya miguu mitatu, na mwenye kiwanda akasimama nyuma yake, mikono mfukoni. Mama Sumu akaanza. Alisema yeye ni nani, alipigiwa simu na nani, karatasi ilikuwaje, kilio kilitoka wapi. Katika kazi yake yote hakuwahi kusema mbele ya kamera maneno ya kweli tangu la kwanza hadi la mwisho. Na yalimshinda. Mdomo ulimkauka, akakwama, akasema "eee", akaanza sentensi akaiacha. Macho hayakutulia, kila akifika mwisho wa jambo yalikimbilia nyuma ya simu kumtazama yule mtu, kisha yakarudi kwa haraka.

"Naomba turudie," alisema alipomaliza. "Nimeharibu. Nikipata nafasi ya pili nitasema vizuri."

"Hapana," mwenye kiwanda alisema. "Imetoka hivyo hivyo ilivyo, iache. Tukirudia watasema tumeigiza."

Alitaka kumweleza. Alitaka kumwambia kaka, kazi hii naijua mimi, mtu anayesema kweli huku anatetemeka kwenye kioo anaonekana mwongo. Lakini unamwelezaje mtu kama yule? Akarudishwa nyumbani.

Jua lilikuwa halijazama video ilipokuwa imeshafika kwenye kila simu. Watu waliitazama, wakaisimamisha, wakaipunguza mwendo. Mtu mmoja aliyazungushia macho ya Mama Sumu duara jekundu kila yalipokimbia. Mwingine aliona kivuli cha kiwiko ukutani, akaapa ni bunduki. "Huyu dada tunamjua akiigiza," waliandika. "Hapa haigizi. Hapa anaogopa. Wamemlazimisha amkane shahidi, na shahidi ni yeye mwenyewe." Ile makala, ambayo watu walikuwa wameanza kuisahau, ikarushwa upya.

Alipokwenda dukani, muuza duka alikataa kupokea pesa ya mkate.

"Lakini ni kweli," alimwambia, sauti inamkatika. "Nilisoma tu. Nakuapia."

"Ndiyo, ndiyo, dada. Ulisoma tu," muuza duka alisema, akamkonyeza kwa upole. "Sisi tumeshaelewa. Hatudanganyiki."

Nyumbani mama yake alikuwa ameizima televisheni, jambo ambalo halikuwahi kutokea mchana. Alimketisha karibu yake.

"Mwanangu, ule mwaka uliosema uko kambini mnarekodi. Ulikuwa kiwandani?"

"Mama, sijawahi hata kupita nje ya kile kiwanda."

"Usiniambie," mama yake alisema, akamfunika mkono kwa mkono wake. "Nisipojua, hata wakiniuliza sitakuwa na la kusema."

Mama Sumu alimtazama mama yake, aliyemzaa na kumlea na kumwogesha, akaona kwamba na yeye amekwenda na wengine. Hofu ile ikabadilika. Mwanzo aliogopa watu kudhani ni yeye. Sasa hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia kuwa si yeye.

Siku ya pili mtayarishaji alipiga simu, furaha imemjaa. Alisema polisi wamefungua upya jalada la kiwanda, na yule mwanamke, yule mwenyewe, ameshavuka mpaka na watoto wake wote salama. "Anakushukuru sana. Anasema Mungu akulipe."

"Na mimi?"

"Wewe kwa kweli umetusaidia mno, yaani bila wewe…"

"Nauliza, na mimi nani ananivusha?"

"Sisi tuliandika pale chini kwamba ni mwigizaji," mtayarishaji alisema kwa sauti ndogo. "Kisheria tuko… mimi nitaangalia nani naweza…" Na kama kawaida yake hakumaliza, ila safari hii simu ndiyo iliyokatika.

Jumamosi hiyo alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani akimsuka binti yake, amemshikilia katikati ya magoti, pengine kwa nguvu kuliko inavyohitaji nywele. Simu ikaita. Sauti aliitambua kabla haijamaliza salamu.

"Dada, nimekaa na wakili wangu tangu asubuhi," mwenye kiwanda alisema. Hakuwa na hasira. Alisikika kama mtu aliyechoka. "Namwambia yule dada hajui lolote, nimemwona vidole. Ananiambia haina maana. Kesi nzima imesimama juu ya shahidi mmoja, na mahakama itamwita yule ambaye kila mtu anasema ndiye; huyo asipofika, hakuna kesi. Nimebishana naye mpaka koo limekauka. Katika nchi hii nzima, anayekuamini ni mimi peke yangu."

Vidole vilikuwa vimesimama kwenye nywele za mtoto.

"Mama, umeacha," binti alisema.

"Kwa hiyo nimefikiri," yule mtu aliendelea, polepole. "Kubishana na watu wote hawa, mimi ni nani? Wamesema ni wewe. Basi, dada yangu, na iwe ni wewe."