Daftari la Mlangoni

Alhamisi ile Mwalimu aliondoka asubuhi kwenda kuchapisha karatasi za semina, na chai aliyosema ataikuta ikapoa mezani mbele ya dada yake. Saa saba mchana jirani yao, Fundi cherehani, aliingia bila hodi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Dada, mdogo wako kachukuliwa. Pale pale kwenye mashine ya kuchapisha. Watu wawili, gari halina namba."

Dada mtu akaketi.

Kwa miaka minne Mwalimu alikuwa akiendesha semina ya wazi kila Alhamisi, saa kumi, chumba cha juu cha maktaba. Alizungumzia Asia: siasa za kule, utaifa, haki za watu. "Asia ni mbali," alizoea kusema akicheka, "na kwa mbali mtu husema kweli." Dada yake ndiye aliyeketi mlangoni na daftari. Kila aingiaye aliandika jina, kazi na mtaa anaokaa, kwa kalamu ya wino wa buluu waliyoachiwa na marehemu baba yao. Mgeni asiyeandikwa, Mwalimu alisema, hajaheshimiwa.

"Daftari liko wapi?" Fundi akauliza kwa sauti ndogo.

"Kabatini, hapa."

"Wiki tatu anatufundisha jinsi wanafunzi wa kule walivyozolewa kwa orodha waliyoiandika wenyewe. Sote tunatikisa vichwa, na wino wa kusaini haujakauka vidoleni." Akajaribu kucheka. "Nyani haoni kundule, dada. Mimi nina watoto watatu."

"Pitia mlango wa nyuma."

Kulichoma daftari kungetoa moshi. Uani kulikuwa na beseni, mashati matano meupe ya Mwalimu yameloekwa tangu asubuhi. Dada mtu alichana kurasa na jalada, akazisukuma chini ya mashati, akatupia juu gauni lake la buluu na sabuni ya unga. Gari likasimama nje.

Waliingia wawili, wapole. Mrefu alimwita mama, akaomba daftari la wahudhuriaji.

"Analo mwenyewe," dada mtu akasema, akiendelea kufikicha.

Mwenzake alipekua kabati, godoro, hata debe la unga. Mrefu alisimama juu ya beseni. Povu lilikuwa limegeuka buluu.

"Gauni lako linachuja, mama."

"Mtumba huo, baba. Unanunua rangi moja, unavaa mbili."

Alitabasamu kidogo, ila hakuondoka. Chini ya maji karatasi zilikuwa zikilegea kama mkate uliolowa, na dada mtu alizikandamiza kwa viganja vyote viwili, akiomba kipande kisiibuke.

"Basi," mrefu akasema, "kama analo yeye, tutaendelea kumuuliza yeye."

Hapo ndipo dada mtu alipoelewa alichokisema. Ulimi wake ulikuwa umemtupia mdogo wake mzigo, naye hana daftari la kuwapa. Angeinua shati moja tu, yangekwisha. Akilini akamwona Fundi na futi yake. Mikono haikuinuka.

Wakaaga vizuri, wakafunga mlango.

Mwaka wa pili huu Mwalimu hajaonekana, na hakuna kituo kinachokubali kuwa naye. Mashati yake yamekunjwa kabatini, yana madoa ya buluu yasiyotoka. Semina ipo kila Alhamisi, saa kumi. Fundi huwasomea watu karatasi za zamani za Mwalimu. Dada mtu huketi mlangoni, mezani hakuna kitu, na watu huingia.