Sauti ya Mikidadi Njiani Kinole

Kwa miaka kumi na tisa Mikidadi aliwapandisha wageni kwenye maporomoko ya maji juu ya Kinole, na hakuna aliyerudi na mguu uliovunjika. Alijua pa kuwapumzisha, pa kuwamenyea machungwa, na pa kuwanyamazisha ili mbega wasikimbie. Kiingereza alikiokota humo humo njiani, kwa wageni wenyewe. Hadithi alizipata kwa bibi yake.

Kisha akaja Jesca, binti wa kampuni moja ya utalii yenye ofisi Dar na wakubwa wake ng'ambo. Walikuwa wanatengeneza programu ya simu. Mgeni anailipia akiwa bado kwao, anafika, anavaa hedifoni na kupanda mlima peke yake akiongozwa na sauti ya mwenyeji. Sauti waliyoichagua ni ya Mikidadi. Kwa siku tatu alisoma na kusimulia mbele ya maikrofoni kwenye chumba cha gesti mjini Morogoro, madirisha yamezibwa kwa magodoro. Mwisho Jesca akamnyooshea simu na kumwonyesha pa kuweka kidole. Mkataba ulikuwa mrefu, naye hakuusoma wote. Ulisema kwamba kwa miaka mitano asiongoze mgeni kwa malipo kwenye njia ile, wala asizisimulie hadithi zile kwa mwingine. Hilo alilielewa baadaye, wageni wake wa zamani walipompigia simu naye akalazimika kuwakatalia.

Mwaka wa pili masika yaliporomosha ubavu wa mlima. Njia, pale inapopinda kushoto kwenye mdalasini wa mzee Abasi, ikabaki ukingo wa tope juu ya korongo. Siku hiyo hiyo Mikidadi alimtumia Jesca picha. Akajibiwa kwamba taarifa imefikishwa kwa wahusika. Wiki tatu zikapita. Akakata matawi akaiziba njia mwenyewe. Jesca akapiga simu, akamwomba kwa adabu ayaondoe, maana wateja walikuwa wamelalamika kuna mtu anawazuia. Akayaondoa.

Jumamosi moja akapanda mama mmoja wa Kiholanzi, hedifoni masikioni. Mikidadi alikuwa anapalilia tangawizi kando ya njia. Akamsogelea, akamwambia kwamba kushoto kumekatika. Pengine hakumsikia. Alitabasamu kwa woga na kuongeza mwendo. Hapo Mikidadi akaikumbuka sentensi aliyoisoma kwa kinywa chake siku ya pili ya kurekodi, kwamba mgeni asimfuate mtu yeyote atakayejitolea kumwongoza njiani.

Akatupa jembe, akamfuata kwa mbali asije akamtisha. Kabla hajafika kwenye mdalasini alisikia udongo ukimeguka, kisha kilio.

Mama yule alikuwa ananing'inia kwenye mizizi, mguu umepinda vibaya. Mikidadi akalala kifudifudi kwenye tope na kumshika kifundo cha mkono. Kumvuta hakuweza, kumwachia hakuthubutu. Akapiga kelele za kuomba msaada hadi koo likamkauka. Jiwe la kando lilikuwa limeidaka simu ya mgeni, hedifoni zimechomoka, nayo ilikuwa bado inaongea kwa uchangamfu, ikisimulia habari za bibi yake Mikidadi. Mama akaitazama simu, kisha akamtazama aliyemshika.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Usitazame chini."

Nusu saa ikapita kabla Halidi na nduguye, waliokuwa wanachuma karafuu huko juu, hawajafika na kamba.

Mgeni alipelekwa hospitali. Baada ya siku kumi Jesca akaja mwenyewe, akaamkia, akashukuru kwa niaba ya kampuni, akasema kosa limesharekebishwa. Akaibonyeza simu. Mikidadi akaisikia sauti yake ikiwaambia watu kwamba wakifika kwenye mdalasini wapinde kulia.

"Hayo sijasema mimi."

"Yametengenezwa na kompyuta, baba, kutokana na zile rekodi zako. Mkataba unaruhusu."

"Kulia hakuna njia. Kuna mawe na upupu."

Jesca akasema picha za setilaiti zinaonyesha njia ipo. Mikidadi akamwomba waitoe sauti yake, hata kama ni kurudisha walichompa. Binti akainamisha macho. Alikuwa ameshawaomba, akasema, na wamemjibu kwamba imebaki miaka mitatu. Naye pia ameajiriwa tu.

Kesho yake asubuhi Mikidadi alichukua panga, sururu na mtaimbo. Mkewe, Asia, akamkuta kulia kwa mdalasini, mikono imevimba kwa upupu, anakata ngazi kwenye mteremko.

"Baba Yasmin, nani amekupa kazi hii?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Akianguka mtu hapa, ni mimi niliyemwambia apite."

Asia akaenda kuokota mawe ya kuzuia udongo. Ilipotimu saa nne wakapita vijana wawili wa Kizungu, hedifoni masikioni. Wakakanyaga ngazi ambazo udongo wake ulikuwa bado mbichi, wakampungia mkono. Mikidadi akajibana kwenye mteremko kuwapisha, kisha akaendelea kuchimba. Juu yake mlima ulikuwa umeanza kufunga mawingu, na ngazi zilizobaki zilikuwa nyingi.