Mgeni wa Siku Mbili

Jana mchana niliota. Mwanangu Tunu alikuwa na homa tangu juzi yake, nami nilikuwa nimeshasema, "Kesho nitampeleka zahanati." Nikajinyoosha kando yake, usingizi ukanipitia, nikawa chembe nyekundu ya damu yake.

Sikushangaa. Kazi ya mama ni ileile. Nimejitwika mzigo wa hewa, natakiwa kuufikisha ubongoni kwa Tunu kabla hajaanza kuweweseka.

"Hodi!"

"Karibu!" nikaitika, mjinga mimi. Kwetu Muheza mgeni haulizwi atokako kabla hajala.

Akaingia bila kupitia mlangoni. Aliusukuma ukuta wangu ndani, akajifunika nao kama shuka, akaketi katikati. Kadogo, umbo la pete.

"Mimi ni mdudu wa malaria," akasema kwa adabu. "Usijisumbue, shemeji. Nitajipakulia mwenyewe."

Akajipakulia! Anakula nyama nyekundu niliyofungia ule mzigo. Chuma kilichomo hakiliki, anakirundika pembeni, punje punje za kahawia.

"Hiyo ndiyo inayoshika hewa ya mtoto," namwambia.

"Ndiyo maana tamu," anajibu, anaendelea kutafuna.

Nyama haikumtosha. Akaanza kutoboa matundu ukutani.

"Na hayo ya nini?"

"Sukari iko nje, kwenye mto wa damu. Nami nimeshavaa nyumba yako, nitatokaje?"

Sukari ya Tunu ikamiminika ndani, ikanipita mbele ya macho mpaka kinywani mwake. Mimi sikuambulia hata ya kulamba.

Ukuta ukashindwa kuvumilia. "Mama Tunu, mfukuze huyu! Unanikalisha na matundu mpaka lini?"

"Vuta subira," nikauambia. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kesho ndiyo ya tatu."

Nikajiona nimesema neno la busara. Laiti ningekatwa ulimi!

Mara tuko uani kwangu, jembe mkononi, jogoo anawika. Siku ya tatu hiyo.

"Haya, mgeni. Jembe lako hili."

Akageuka. Hakuwa mmoja tena, walikuwa kumi na sita, wote wanene, wote wamejaa sukari ya mwanangu.

"Shemeji," wakasema kwa pamoja, "sisi hatulimi. Kwetu siku ya tatu ni ya kuhama."

Wakanipasua. Ukuta ulianguka bila hata kunilaumu. Mzigo wa hewa ukamwagika njiani, nami nasikia wanavyobisha kwa majirani, nyumba kwa nyumba. "Hodi! Hodi!" Na majirani, wapumbavu wenzangu, wanaitika, "Karibuni!"

Nikazinduka natokwa jasho, mdomo wangu bado unasema kwa sauti, "Jembe lako hili." Nikamgusa Tunu: moto. Nikamfunua kiganja: cheupe, hakina damu. Nilimfunga mgongoni kwa kanga, nikatoka mbio bila viatu, najitukana njia nzima.

Kule zahanati, nesi alimtoboa kidole, akaenda kupima, akarudi uso umekunjamana.

"Wadudu wamejaa. Homa imeanza lini?"

"Juzi, nesi."

"Tangu juzi! Mama, ulikuwa unangoja nini?"

Nikajifanya nakaza fundo la kanga. Ningemwambia nini mtu mzima mwenye akili zake? Tunu akanijibia kutoka mgongoni.

"Alikuwa anangoja kuwapa jembe."