Kipimo cha Masikio

Kwa miaka kumi na saba mashine yangu ya kufuma ilikaa ubavuni mwa mashine ya Chiriku. Jina hilo alipewa na wenzetu kiwandani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kelele za mle ndani zilikuwa za kupasua kichwa, kwa hiyo sote tulizoea kuzungumza kwa midomo bila sauti. Umbea wa idara nzima, talaka yake, uchumba wa binti yake, vyote nilivisoma midomoni mwake.

Ndiyo maana nilichelewa kugundua kwamba hasikii. Niligundua getini, asubuhi moja mlinzi alipomwuliza habari za nyumbani huku kainamia daftari lake, naye akajibu, "Saa mbili kasoro." Tulicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanivuta pembeni.

"Shoga, masikio yangu yamekufa. Na kipimo ni wiki ijayo."

Kila mwaka muuguzi wa kiwanda alitupima wawili wawili. Mmoja alivaa vipokea sauti na kuinua mkono kila aliposikia mlio. Mwenzake alisubiri kitini, karibu na meza ya muuguzi. Aliyeshindwa alipewa barua ya kuachishwa kazi. Chiriku hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, nami sikuwa na rafiki mwingine. Tukapanga. Muuguzi akibonyeza kitufe, mimi naushika mtandio wangu, naye anainua mkono. Alifaulu mwaka huo, na uliofuata, na uliofuata tena. Tulitoka pale tukijiona wajanja.

Jumanne moja mchana Chiriku aliinama njiani kuokota uzi ulioanguka. Foko, lile gari dogo la kubebea majora ya kitambaa, ilikuja kinyumenyume. Honi niliisikia hata juu ya kelele za mashine. Nikapiga ukelele. Nilimpigia ukelele mtu ambaye nilijua hasikii. Alikata roho kwenye kitanda cha zahanati ya kiwanda, gari la wagonjwa likiwa bado njiani.

Dereva wa foko, baba wa makamo asiye na maneno mengi, alirudia jambo lile lile kwa meneja na kwa kila mtu: "Nilipiga honi. Nimepiga mara tatu." Hakuna aliyemwamini. Majalada yalionyesha masikio ya marehemu ni mazima. Akafukuzwa.

Muuguzi alinikuta chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango.

"Ukifungua mdomo, tumekwisha wote wawili."

"Kumbe ulijua?"

"Mwanangu, nina macho. Mtandio gani huo unaowasha kila nikibonyeza kitufe?" Akaketi kwenye benchi. "Nilimwonea huruma. Sasa ona huruma yangu ilipomfikisha."

Nilikaa kimya siku tisa. Mazishini binti wa Chiriku alinikumbatia, akaniita mama mdogo, akauliza kama mama yake aliteseka. Nikasema hapana. Siku ya kumi nilikwenda kwa meneja nikaeleza yote. Aliandika bila kuniangalia usoni. Kabla wiki haijaisha, mimi na muuguzi tulikuwa na barua zetu mkononi. Nafasi ya dereva ilikuwa imeshapata mtu. Hawakumrudisha wala hawakumwomba radhi.

Binti wa Chiriku nilimweleza mimi mwenyewe, sebuleni kwao. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Naomba utoke."

Sasa nashona mashuka kwenye kibanda cha fundi. Mwezi uliopita nilimwona dereva akipakua magunia kwenye ghala la jirani. Nilimwendea.

"Nilisikia ulikwenda kusema," akaanza yeye.

"Nilichelewa, kaka yangu."

"Ulichelewa. Mke wangu aliniuliza kama kweli nilipiga honi. Mke wangu! Ikafika mahali hata mimi mwenyewe sina hakika." Akajifuta jasho shingoni. "Hebu niambie. Wewe uliisikia?"

"Niliisikia vizuri kabisa."

"Uliisikia, ukanyamaza," akasema, kisha akageuka akabeba gunia lake. Nilipopita tena wiki iliyofuata, mwenye ghala aliniambia jamaa ameacha kazi, amehama na familia yake, na hakuaga mtu.