Nafasi ya Thelathini na Tisa

"Kwa heshima na taadhima, umma wa Bongo unatangaziwa kuwa wimbo Dirisha la Uani, wake msanii Hillary wa Msimbazi, umeingia rasmi katika chati ya mauzo ya taifa na kushika nafasi ya thelathini na tisa. Vigelegele vinaruhusiwa."

Umma wenyewe ulikuwa kundi la WhatsApp la ukoo, ambamo nusu ya watu hukaa kimya mpaka kuwe na msiba. Ofisi iliyotoa tangazo ilikuwa kochi la sebuleni, ghorofa ya tatu, Mchafukoge. Mkuu wa ofisi alikuwa Jovitha, mwanafunzi wa kidato cha tano aliyekuwa likizoni kutoka bweni la masista huko Masasi. Bwenini alikuwa amejifunza fizikia kidogo, na kuandika matangazo ya uongo ambayo hata mkuu wa shule angedhani ameyaandika mwenyewe.

Namba aliichagua kwa busara. Uongo wa nafasi ya kwanza hushtukiwa papo hapo. Wa thelathini na tisa una adabu zake. Alitarajia mjomba wake acheke, amseme kidogo, yaishe kabla chai haijapoa.

Mjomba Hillary hakucheka. Alikuwa muuza mapazia, mtu mpole, na maishani mwake alikuwa ametoa wimbo huo mmoja tu, kwa nguvu zake, bila meneja wala kampuni. Jioni Jovitha alipofika kibandani pake Msimbazi alimkuta amevaa shati la kanisani. Majirani wote walikuwa wameshaalikwa: Ijumaa, chati ikisomwa redioni, waje wasikilize kwenye spika yake. Mzee Mansukhlal wa duka la vitambaa alikuwa ameahidi kuleta soda.

"Jovi," alisema mjomba, akikunja pazia ambalo lilikuwa limeshakunjwa, "habari umeileta wewe. Ijumaa utakaa mbele."

Wazo la kukiri lilimjia Jovitha palepale. Akalipisha lipite, kama mtu anavyoupisha mkokoteni wa mizigo Kariakoo. Nyuma yake likaja lingine lililompendeza zaidi: ikiwa uongo haurudi nyuma, basi na ugeuke kweli kabla ya Ijumaa.

Kesho yake alikwenda Posta, kwenye ofisi ya chati. Dada wa mapokezi, Candida, aliutafuta wimbo kwenye kompyuta yake, akakosa, akatafuta tena, akakosa. Hakumdharau. Alimweleza taratibu kwamba msanii asiye na kampuni huhesabiwa sawa na mwingine yeyote, ila wimbo wake lazima uwe na namba yake maalumu, kama mtu na kitambulisho. Upite kwa msambazaji aliyesajiliwa. Kisha uuzwe kwa bei yake, kwenye duka linaloleta taarifa za mauzo. Mtu mmoja akinunua dazeni nzima, inahesabiwa nakala moja. Hili la mwisho lilimshangaza Jovitha. Kwao Kariakoo, mwenye kuchukua dazeni ndiye anayewekewa kiti.

"Huo wa mjomba wako unauzwaje?"

"Ukinunua pazia, unarushiwa kwenye simu."

"Bure?"

"Ni nyongeza."

"Basi wamenunua pazia," alisema Candida.

Jovitha alirudi kwa miguu, akiwaza. Sokoni hakuna anayeondoka bila nyongeza: pini mbili juu ya dazeni, kipande cha kamba cha kufungia mzigo. Wimbo wa mjomba ulikuwa umesafiri hivyohivyo na wateja wa jumla mpaka Songea, mpaka Lubumbashi, ukaimbwa na watu wasiomjua mwimbaji, na kwa macho ya chati haukuwa umetoka hata mlangoni.

Alipomuuliza mjomba kwa nini hakuwahi kuupangia bei, alinyoosha kwanza upindo wa pazia.

"Nyongeza haina mtu wa kuipunguza bei," alisema. "Wala hakuna anayekurudishia akisema haimfai."

Hapo Jovitha angeweza kusema. Badala yake alimwambia kwamba ili wimbo ubaki kwenye chati, ofisi inataka saini yake. Mjomba alikubali hata kabla hajamaliza.

Alhamisi walikuwa Posta. Mjomba alisaini kwa msambazaji, kisha wakapanda ofisini kwa Candida, aliyemwamkia, akaingiza namba ya wimbo, akasimama kumpa mkono.

"Hongera, mzee wangu. Kuanzia wiki ijayo wimbo wako utaweza kuhesabiwa."

Mjomba alitabasamu, halafu lile tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. "Wiki ijayo?"

"Ndiyo. Kwa sasa bado haumo."

Aliaga kwa heshima. Walishuka ngazi, wakatembea mpaka kwenye kivuli cha jengo moja, mjomba akasimama. Hakuuliza nani aliyeandika.

"Kwa nini thelathini na tisa?"

"Nafasi ya juu usingeamini, mjomba."

"Ningeamini," alisema.

Jovitha alikuwa ameshapewa adhabu za kila aina bwenini, za kulima na za kupiga magoti. Hakuna iliyowahi kumwingia kama neno hilo.

Aliomba basi awapigie simu majirani, aseme redio imeharibika, aseme lolote. Mjomba alikataa. Watu wameshaalikwa, watakuja, soda itanyweka.

Ijumaa walikuja kweli, wakajaa mpaka barabarani. Katikati ya mapazia mjomba alikuwa ametundika kipande cha boksi chenye jina la wimbo wake na, kwa mara ya kwanza, bei. Chati ilisomwa mpaka mwisho. Mzee Mansukhlal alipunguza sauti ya redio, akamtazama mjomba, na mjomba akampa Jovitha kipaza sauti chake cha kuitia wateja.

"Kwa heshima na taadhima," alianza, maana koo lilikuwa limezoea. Akalikatiza tangazo hapo. Watu walisubiri, chupa mkononi.

"Wimbo haumo," alisema. "Haukuwahi kuwamo. Redio haijakosea, wala mjomba hajawadanganya. Lile tangazo nililitunga mimi, kwenye kochi, nikacheka peke yangu."