Kifua cha Mzee Kimya

Tak. Tak. Tak. Tak.

Niliisikia kabla sijafungua mlango wa kantini, nikajua ni nani. Mikono ya Pacha ilikuwa na mwendo wake, mzito, wa kulingana, kama mtu anayetwanga kwa hasira aliyokwisha kuizoea. Nilipoingia nikamkuta kapiga magoti sakafuni, meza zimesukumwa ukutani, shati limemganda mgongoni, anambana kifua Mzee Kimya.

Mzee Kimya ni sanamu la mpira, kichwa na kiwiliwili bila miguu, la kufundishia watu kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama. Ukimbana kwa kina kinachotakiwa, kitu ndani yake kinalia tak. Ukimbana kivivu, hasemi neno. Jina tulimpa sisi wawili, tukawa tunamwamkia kila tukimtoa kwenye begi lake.

"Umechelewa, bwana harusi," Pacha akasema bila kuacha kubana. "Mkaguzi keshafika. Anakunywa chai kwa meneja."

"Mwache anywe. Akitoka huko atamkuta mkufunzi anamngoja."

"Mmoja tu."

"Mmoja tu," nikajibu, tukacheka.

Nafasi ilikuwa moja kweli. Kiwanda chetu cha sabuni ya unga kilitaka mfanyakazi mmoja awe mkufunzi wa huduma ya kuokoa uhai, afundishe wenzake zamu kwa zamu. Angetolewa chumba cha kufungashia, ambako vumbi linakujaa puani mpaka ukipiga chafya unatafuta povu. Lakini mimi sikuitaka kwa ajili ya vumbi. Mwaka uliopita kuli mmoja alianguka kwenye jukwaa la kupakilia, nasi wanaume wazima tukamzunguka, tukampepea kwa maboksi. Mmoja akammwagia maji. Mimi nilimvua viatu. Alikufa huku tunampepea, na viatu vyake viko mkononi mwangu. Nikajisemea hapa hatakufa mtu tena kwa kupepewa, na wa kuwafundisha watu nitakuwa mimi. Nilimtangazia hata mama kwamba mwanawe ni mwalimu, kabla sijagusa mtihani. Mama naye si mtu wa kuweka neno. Jioni ile ile mtaa mzima ulikuwa unaniita ticha.

Pacha hakuwa ndugu yangu wa damu. Tuliitwa pacha kwa sababu tulianza kazi siku moja, zamu moja, sahani moja ya mchana. Mkewe ananiita shemeji, na nikipita kwao bila kuingia, ananinunia wiki nzima. Tulipochaguliwa wote wawili kufundishwa ukufunzi, tulifurahi kama watoto. Kila mchana tulijifungia stoo ya maboksi na Mzee Kimya. Mmoja anafundisha, mwingine anajifanya mwanafunzi mzito wa kuelewa. Pacha alikuwa fundi wa kuigiza uzito.

"Mwalimu, huyu amekufa au amelala?"

"Mtikise bega, umwite."

"We mzee! Amka, mshahara umeingia!" Halafu ananigeukia na uso mkavu. "Mwalimu, hajaamka. Huyu amekufa kabisa."

Kubana kunataka mwendo, na mimi mwendo wangu ni maneno. Nikatunga ubeti wenye mizani thelathini, kila mzani bano moja, kwa sababu baada ya mabano thelathini unampulizia pumzi mbili:

*Bana kifua, kazana,*
*mwenzio bado kijana,*
*asife leo mchana,*
*puliza, na tena.*

Ukiuimba moyoni hukosei hesabu. Pacha aliupenda, akaushika siku ya kwanza. Ila ndiye aliyegundua pia maradhi yangu. Mwanafunzi akishaanza kubana, mimi nausikiliza ubeti, naisikiliza tak, na macho yanakwenda likizo.

"Ndugu yangu, unafundisha kwa masikio," aliniambia siku moja. "Mtu anaweza kulala kifuani hapa usimwone."

Kulala kifuani ni kosa baya, na ni la kimyakimya. Unabana vizuri, lakini ukirudi juu huondoi uzito wote; kifua hakiinuki, moyo haupati nafasi ya kujaa damu, na unachosukuma ni upepo. Sanamu linalia tak vilevile. Kosa hilo halisikiki. Linaonekana, tena kwa anayetazama. Pacha hakuwa nalo kabisa. Mikono yake iliondoka kifuani kama mtu anayeondoka kwa mkwe, wima na kwa adabu. Nilimshukuru kwa kunionya. Nikamwambia, "Hilo libaki hapa hapa stoo." Akasema, "Nimwambie nani, Mzee Kimya?"

Mtihani wa ukufunzi una desturi yake. Hupimwi kwa kubana. Hilo ulishapimwa zamani. Unapimwa kwa kufundisha. Unapewa mwanafunzi wa kuigiza, na mkaguzi anamnong'oneza kosa la kufanya. Kazi yako ni kuliona na kulisahihisha kwa upole. Siku ile tulikuwa wawili tu, kwa hiyo Pacha angekuwa mwanafunzi wangu, kisha mimi wake.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mnene, muuguzi wa miaka mingi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Alimvuta Pacha pembeni, akamnong'oneza. Pacha akaitikia kwa kichwa. Hakunitazama.

Nikaanza. Nilifundisha vizuri, nalisema hili bila haya. Sauti ilinitoka. Pacha akapiga magoti, akabana, viwiko vimekunjwa kama anakanda unga. Nikaliona papo hapo.

"Vizuri, kaka. Sasa nyoosha viwiko, uzito utoke mabegani."

Akanyoosha. Tak, tak, tak. Mwendo ulikuwa mzuri ajabu. Nikauachia ubeti ukimbie kichwani, nikamwona mama yangu, nikauona mtaa mzima. Mabano thelathini, pumzi mbili. Mabano thelathini, pumzi mbili. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda, "Hivyo hivyo. Safi kabisa. Huyu mtu atapona."

Mkaguzi akavaa miwani.

"Atapona kwa damu ipi, baba? Mwanafunzi wako amemlalia tangu mwanzo. Kifua hakijainuka hata mara moja, na wewe unasifia."

Nilimtazama Pacha. Alikuwa anafuta uso wa Mzee Kimya kwa pamba yenye spiriti, taratibu, kama mtu anayemwogesha mgonjwa wake.

"Mama," nikasema, "ulimpa makosa mawili?"

"Nilimpa moja. Viwiko. Hilo la pili sijui kalitoa wapi, labda kachoka. Lakini mwanafunzi wa kweli atachoka pia, na mkufunzi ni wa kuona. Siwezi kukupitisha." Akaangalia mlango, Pacha keshatoka. "Dakika kumi, halafu tunageuza."

Nilimkuta Pacha kwenye mabomba ya kunawia, maji yanamwagika, wala hanawi.

"Ulichoka?"

Akainamia maji.

"Nakuuliza, ulichoka? Wewe unayebana zamu nzima ukipiga mluzi?"

"Shusha sauti."

"Nishushe ya nini? Ulijua pa kunichoma. Nilikuonyesha mwenyewe!"

Akafunga bomba. "Wewe ukikosa hii, utapata nyingine," akasema. "Una maneno. Ukifungua mdomo watu wanageuka. Mimi nina nini? Nina hii mikono tu. Mke wangu anakohoa kwa vumbi ninalorudi nalo kwenye nguo, shemeji yako huyo. Nikasema labda safari hii..."

"Ungeniambia."

"Ungeniachia?"

Ninapenda kuamini ningemwachia. Hakunipa nafasi ya kujua, na hilo ndilo lililoniuma kuliko mtihani wenyewe. Alinihukumu kimoyomoyo akiwa bado anakula sahani moja na mimi.

"Sasa ni zamu yangu ya kukulalia," nikamwambia. Nikamwona anabadilika rangi.

Mkaguzi akaniita pembeni. "Sahau kuita msaada," akaninong'oneza. "Kosa moja tu. Mengine yote yawe sahihi."

Nikapiga magoti. Kifua cha mpira kilikuwa bado na joto la mikono yake. Nisiwe mwongo, mikono iliniwasha. Ilikuwa ni kubaki na uzito kidogo tu, nani angejua? Lakini sitaki ushindi wa kunyemelea. Nikisema nakupiga, nakupiga ukiniona. Nikambana Mzee Kimya kwa usafi ambao sijawahi kuufikia, kila bano likienda mpaka chini na kurudi mpaka juu.

Kosa la kutoita msaada Pacha aliliona mara moja, akalisahihisha vizuri. Kisha akaanza kunizunguka. Akainama kushoto. Akainama kulia. Jasho lilimtoka kuliko mimi niliyebana.

"Inua," akasema.

Nilikuwa nimeinua.

"Inua bwana, umelala kifuani!"

Nikaendelea, wima na kwa adabu.

"Mama, huyu ananilalia makusudi! Tazama! Ondoa uzito! Ondoa!" Akanishika mabega, akanivuta nyuma, mikono yangu ikaachana na sanamu katikati ya hesabu.

Mkaguzi akavua miwani.

"Baba, mwenzako alikuwa sawa. Kifua kilikuwa kinainuka chote. Umemsimamisha mtu anayeokoa, kwa kosa ambalo halipo." Akaanza kukusanya vitu vyake. "Leo sina mkufunzi hapa. Nitamwambia meneja atafute watu wengine mwakani, au awajaribu nyinyi tena, shauri yake."

Akatoka. Tukabaki sisi na Mzee Kimya. Tukamrudisha kwenye begi bila kusemezana, mmoja kashika kichwa, mwingine kiuno, kama tulivyozoea. Sikusikia furaha yoyote. Mama alikuwa ananingoja nyumbani na majirani zake, na sikuwa na cha kumpelekea.

"Hukunilalia," Pacha akasema. Macho yalikuwa mekundu.

"Hapana."

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani."

Akaninyooshea mkono. Niliutazama, mkono ule ule ninaoujua kuliko wangu. Sikuupokea.

"Sikia, Pacha," nikasema, na sauti ilipanda, nikaiacha ipande. "Kwako siingii tena, na sahani tumegawana kuanzia leo. Shemeji akiuliza, mwambie mwenyewe, usimwachie mtu mwingine. Lakini nakuahidi hili, na ulishike. Siku ukianguka humu kiwandani, hawatakupepea kwa maboksi. Mimi nitakuwa wa kwanza kupiga magoti. Nitakubana mpaka gari lije, hata mbavu zikivunjika, na macho yangu hayatatoka kwako."